Neno "Let Into" na Hasara ya Kulifasiri Nusu Nusu

Yapo maneno ya Kiingereza ambayo wanafunzi wetu huyaogopa kwa kuwa ni marefu. Hayo si ya kuogopwa. Neno refu huwa na maana moja au mbili, na mtu akiisha kuzijua halimsumbui tena. Maneno ya kuogopwa ni yale mafupi ambayo mtoto hudhani ameyajua tangu mwaka wake wa kwanza: get, set, put, let. Leo twataka kusema juu ya hilo la mwisho, lifuatanapo na kijineno "in" au "into", na twataka kusema kwa nguvu kidogo, maana twaona ya kuwa namna linavyofundishwa inaharibu lugha mbili kwa mara moja.

Tuchukue sentensi nyepesi: "A brass plate was let into the wall." Mwanafunzi aliyefundishwa ya kuwa let ni kuruhusu, na into ni ndani ya, huandika bila kusita: Kibao cha shaba kiliruhusiwa kuingia ndani ya ukuta. Tumeyaona majibu ya namna hii katika madaftari, wala si mara moja. Kosa la mtoto halikutuudhi. Kilichotuudhi ni alama ya vema iliyotiwa pembeni kwa wino mwekundu.

Twamwuliza mwalimu aliyeitia alama ile: kibao hicho kilibisha hodi? Na ukuta uliitika karibu? Ikiwa neno lililoandikwa halina maana katika lugha ya mama wa mtoto, wala katika lugha ya baba wa mwalimu, kwa nini liwe na maana likiwa tafsiri ya Kiingereza? Hapa ndipo ubaya unapoanza. Mtoto hujifunza ya kuwa Kiingereza ni lugha isiyohitaji kueleweka, ya kwamba ni kazi ya kubadili neno kwa neno kama mtu abadilishaye noti kwa senti. Na akiisha kuzoea hivyo, hatashangaa tena asomapo upuzi, kwa kuwa upuzi umekuwa ndiyo desturi ya somo.

Wako walimu wengine wenye bidii zaidi, ambao huona kosa hilo na kulisahihisha. Huandika: Kibao kiliwekwa ndani ya ukuta. Twawashukuru kwa nia yao, lakini nao hawajafika. Kitu kilichowekwa ndani ya ukuta hakionekani; kimefichwa, kama mtu afichaye fedha zake katika udongo wa nyumba. Tena kila msomaji ajua ni nani huwekwa ndani katika Kiswahili cha siku hizi: ni mwizi, naye huwekwa na polisi. Kibao cha shaba hakikuiba kitu. Kilitiwa pale kipate kusomwa na kila apitaye.

Basi maana yake ni nini? "To let a thing into another" ni kukipachika kitu katika mwili wa kitu kingine kilicho kigumu, au kitakachokuwa kigumu, baada ya kukifanyia nafasi yake ya kukaa, hata uso wa kile kilichotiwa ukawa sawa, au karibu kuwa sawa, na uso wa kile kilichokipokea. Mambo matatu yamo humo: nafasi iliyochongwa au kuachwa makusudi, kitu kinachoijaza nafasi hiyo barabara, na uso unaobaki wazi kuonekana. Likikosekana moja, neno lenyewe halifai.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho asiende mbali. Na amtazame seremala wa kijijini atiapo bawaba za mlango. Seremala mvivu huibandika bawaba juu ya mwimo na kuipigilia misumari, na mlango wake husimama wazi kama mdomo wa mtu aliyelala, kwa kuwa unene wa chuma haukupewa mahali pa kukaa. Seremala hodari huiweka bawaba juu ya mti, akaichora pembeni kwa kalamu, akaiondoa, akatwaa patasi na kuchimba pole pole ndani ya ule mchoro, kina chake kikiwa sawa na unene wa bamba la bawaba, wala hazidishi hata kama unene wa ukucha. Akiirudisha bawaba, hulala humo kama mtoto mgongoni, na ukipitisha kidole hukwami popote. Kazi ya huyu wa pili ndiyo Mwingereza huiita "to let in the hinge". Kazi ya yule wa kwanza haiiti hivyo kamwe, ijapokuwa bawaba ni zile zile na misumari ni ile ile.

Kwa hiyo si kila kitu kinachoingia katika kitu kingine huwa "let in". Kisu kikichomwa katika ndizi, Mwingereza husema "stick in", kwa kuwa ncha ndiyo iliyojifanyia njia. Msumari ukigongwa kwa nyundo ni "drive in". Nguzo ikichimbiwa ardhini hata ikasimama imara yaweza kuwa "sink". Kito cha pete ni "set", na neno hilo ndilo wasomaji wetu watakalolikuta katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, mahali pasemapo habari za kifuko cha kifuani cha kuhani mkuu, chenye vito 12 katika safu nne. Sura ni ya 28 ya Kutoka. Kito hushikwa kando kando na dhahabu, nacho huinuka juu yake kipate kung'aa. Kibao cha ukutani hakiinuki, kimelala sawa. Ni kweli ya kuwa hata kwa kibao Waingereza wengi husema "set into", na hakuna atakayewakosoa, maana set ni neno pana. Lakini let ni jembamba zaidi, na uembamba wake ndio faida yake.

Mtu ataka kujua kwa nini wakachagua let, neno la ruhusa. Jibu ni kwamba let halikuanza kuwa neno la ruhusa peke yake. Tangu Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya kuacha na kuachia. Ndiyo maana hata leo "let go" ni kuachia kilichoshikwa, "let down a bucket" ni kuteremsha ndoo kisimani, na "let a house" ni kupangisha nyumba, yaani kuiacha mikononi mwa mwingine kwa malipo. Anayekishusha kibao katika nafasi yake hata kikakaa, amekiachia humo. Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiingereza, wanalo neno "einlassen", nalo hubeba maana zote mbili vile vile, kumruhusu mtu aingie na kupachika jiwe ukutani. Tena kuna let nyingine ya Kiingereza, ambayo maana yake ni kizuizi; wachezaji wa tenisi wangali nayo. Hiyo tuiache, isije ikatuchanganya.

Mwanafunzi atajuaje basi kama neno alilolikuta ni la ruhusa au ni la kupachika? Na atazame ni kitu gani kinachoingia. Mtu, mbuzi, upepo, mwanga, maji, hivi vyote vina mwendo wao vyenyewe. Vikiwa "let in" vimeruhusiwa au vimepata njia. Viatu vikiwa "let in water" ni vibovu, vyaingiza maji. Lakini kibao, jiwe, pete ya chuma, bakuli, havina miguu wala mkondo, na hapo hapana ruhusa ya kuombwa. Na atazame pia mahali panapoingiwa: chumba na mji huingiwa na watu, ukuta, sakafu, ubao na mwamba hupachikwa vitu. Siri nayo mtu huweza kuwa "let into" siri, yaani ameshirikishwa. Jambo moja zaidi limponze asiyeangalia: neno hili halibadiliki kwa wakati, ni let leo na ni let jana, na mara nyingi katika maana hii hukaa nyuma ya jina, kama "a ring let into the stone". Mtoto huitafuta "was" asiione, akadhani pete ndiyo iliyofanya kazi.

Mafundi cherehani wanalo let lao, nalo twalitaja kwa kuwa latufurahisha. Kanzu ikishonwa, hutiwa taharizi ubavuni na kikwapa chini ya mkono, ili mtu apate nafasi ya kutembea na kuinua mkono. Kipande kama hicho Mwingereza husema kimekuwa "let in". Sasa, nguo ikiwa imembana mtu, fundi hufumua mshono na kuuachia nje kidogo. Hiyo nayo ni "let out". Basi "in" huipanua nguo, na "out" huipanua vile vile! Anayetaka kuipunguza nguo husema "take in". Aliyekariri orodha, "in" ndani, "out" nje, atashona nini?

Sasa twaingia katika neno lililotufanya tushike kalamu. Wako watu, na baadhi yao ni walimu wenzetu, wasemao ya kuwa makosa haya hayaepukiki kwa kuwa Kiswahili ni maskini; ati Mwingereza anayo maneno mawili mawili ya kuonyesha namna kitu kinavyoingia, nasi tunayo "weka" na "tia" tu. Maneno haya ni ya uvivu, na kwa hakika ni ya kujidharau. Kiswahili hakihitaji kijineno cha pembeni kwa sababu kazi hiyo huifanya katika mkia wa kitenzi chenyewe. Sikilizeni: bandika, pachika, chomeka, tandika, anika, funika. Vyote hivi vina mkia -ika au -eka, na vyote vyaeleza kukiweka kitu katika mkao wake: juu ya uso, ndani ya nafasi, kwa ncha, kwa kutanda, mbele ya jua, kwa kuziba. Mkia huu si ule wa vunjika na pikika. Ule waeleza hali, na huu waeleza kuweka. Kisha geuzeni mkia: bandua, pachua, chomoa, tandua, anua, funua. Kila kilichowekwa kimeondolewa, na namna kilivyokuwa kimekaa bado yasikika katika neno. Kiingereza hapa hakifui dafu. Kibao kilichokuwa "let in", kikiondolewa, hakisemwi kuwa "let out". Mwingereza hana budi kutafuta kitenzi kingine kabisa.

Tena tazameni jinsi bandika na pachika yalivyogawana kazi. Tangazo hubandikwa, li juu ya ukuta, na upepo waweza kulibandua. Kibao cha shaba hupachikwa. Kimo katika mwili wa ukuta. Seremala wetu mvivu alibandika bawaba, na yule hodari aliipachika. Tofauti ile ile Mwingereza aliyoificha katika let, sisi twaisema wazi kwa silabi mbili. Mtoto akipewa maneno haya mawili kabla ya kufunguliwa kitabu cha Kiingereza, ameelewa sentensi yetu kabla ya kuisoma.

Walakini neno pachika limeanza kudharauliwa. Vijana wengi hulisikia redioni tu, mchezaji amepachika bao, au hulijua kwa kupachikwa jina la utani, na mtoto akiliandika katika tafsiri huambiwa ya kuwa ni neno la mchezo. Bao limepachikwa kwa kuwa mpira umeingia penye nafasi yake. Ni mfano tu uliotoka kwa mafundi. Na neno njumu je? Fimbo na viti vya wazee wa pwani vilitiwa njumu, nakshi ya fedha au shaba iliyolazwa katika mti. Wangapi katika darasa lolote la leo walijua? Njumu likipotea hatutapungukiwa na neno moja tu. Tutakuwa tumepoteza habari ya kwamba kazi hiyo ilifanywa hapa na watu wa hapa, na kesho tutaambiwa, nasi tutaamini, ya kuwa ni ufundi wa wageni usio na jina kwetu.

Tuseme juu ya jambo ambalo mtu aweza kwenda kulitazama. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, na Mambrui, kaskazini ya Malindi, yako makaburi ya kale ya mawe yenye nguzo, na katika nguzo hizo mafundi walitia bakuli na sahani za kaure zilizotoka China. Lipu ilifanyiwa nafasi, chombo kikalazwa humo kwa mgongo wake, uso ukitazama nje, na chokaa ikakauka ikakishika. Wageni wanaoandika habari za makaburi hayo kwa Kiingereza husema bakuli zilikuwa "let into" au "set into" the plaster, nao husema sawa. Sasa mwanafunzi wetu akikabidhiwa ukurasa huo aufasiri kwa watu wa kijiji chake, ataandika bakuli ziliruhusiwa kuingia katika lipu? Na penye makaburi mengine ya pwani bakuli hazipo tena, kumebaki vishimo vya mviringo tu. Kiswahili chasema zimepachuliwa, na katika neno hilo moja msikiaji hupata habari zote mbili, kwamba zilikuwamo na kwamba ziliondolewa kwa mkono wa mtu. Hatuoni umaskini hapo.

Na pale Mkunazini, Unguja, lilipokuwapo soko la watumwa hata likafungwa mwaka 1873, lilijengwa Kanisa Kuu la Kristo kwa juhudi ya Askofu Edward Steere, yule yule aliyetoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870. Mbele ya madhabahu, sakafuni, pana duara ya marumaru nyeupe iliyozungukwa na nyekundu, kuwa alama ya mahali ambapo, kwa mapokeo ya kanisa hilo, ilisimama nguzo ya kuwachapia watumwa. Nguzo ilisimikwa, ilisimama juu ya watu. Marumaru imepachikwa, imelala sawa na sakafu, na atakaye kuiona hana budi kuinamisha macho. Aliyejenga alichagua hivyo, na Mwingereza asemaye ile duara imekuwa "let into the floor" amelieleza hilo lote kwa neno dogo. Anayefasiri ya kuwa jiwe liliruhusiwa kuingia sakafuni atawachekesha watu mahali pasipostahili kicheko. Anayefasiri ya kuwa liliwekwa tu hatawachekesha, lakini atakuwa amewanyima.

Twajua watakayotujibu wenzetu. Watasema neno lenyewe ni la nadra, na kwamba Waingereza wa leo mara nyingi huandika "embed" au "set into". Ni kweli. Nadra yake ndiyo inayolifanya liwe hatari, kwa maana yule mtoto akilikuta hataenda kwenye kamusi, atajiona analijua. Mtu hutafuta maana ya "embed" kwa kuwa hajawahi kuliona. Hakuna atafutaye maana ya "let".

Watasema pia kwamba mtihani hautaki hayo, na kwamba kipindi ni dakika 40 na watoto ni wengi. Hapa twawahurumia zaidi, maana mzigo wao twaujua. Katika Tanzania elimu ya msingi ilifanywa kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, na mtoto aingiapo kidato cha kwanza katika shule ya serikali hukuta karibu masomo yote yamegeuka kuwa Kiingereza kwa siku moja. Asiyejua pachika kwa Kiswahili, wala let into kwa Kiingereza, atasomaje habari za mawe yaliyopachikwa katika miamba, na za kuta, na za mifupa ya kale iliyomo katika udongo uliogeuka jiwe? Mwalimu wa historia na mwalimu wa sayansi watamwona mjinga, na kumbe alinyimwa funguo mbili katika somo la lugha.

Wala hatudai kazi kubwa. Mwalimu na achukue bonge la udongo wa mfinyanzi na kauri moja. Achomeke kijiti udongoni, kisimame: "stick in". Aiweke kauri juu ya udongo: imekaa tu, na upepo utaiangusha. Kisha achimbe kidogo kwa kidole, ailaze kauri humo, aisawazishe hata mgongo wake ukawa sawa na udongo, nao udongo uachwe juani hata jioni. Watoto waseme kwanza kwa Kiswahili kilichofanyika mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu, kila mara kwa kitenzi chake. Maneno ya Kiingereza yaandikwe ubaoni baadaye, yakiwa yamekwisha kuonekana. Dakika kumi zatosha, na udongo haununuliwi.

Mwalimu mwenye njia iliyo bora kuliko hii, au aonaye ya kuwa tumekosa mahali, na atuletee neno lake nasi tutalipokea. Ila twamwomba alete sentensi nzima, Kiingereza chake na Kiswahili chake, na kabla ya kuituma amsomee hiyo ya Kiswahili fundi mwashi au seremala aliye jirani naye, asikie kama ataelewa ni kazi gani iliyofanywa.